Kiti cha Daraja la Watalii: Ndege Pana na Historia ya Fuo za Mombasa

1. Utangulizi

Katika mwaka wa masomo uliopita, tulipokuwa tukifundisha msamiati wa Kiswahili cha kisasa hapa Lubumbashi, mwanafunzi mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema kwamba huku kwetu mgeni mwenye kamera shingoni huitwa turiste, kama wasemavyo Wafaransa, bali vitabu vya Pwani humwita mtalii. Akataka kujua mtalii ni nani hasa, na alianza lini. Wenzake walicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Nusu yake ni ya mwanaisimu, nusu ya mwanahistoria, na kila tulipojaribu kujibu nusu moja, ile nyingine ilitusubiri mlangoni.

Makala haya ni jibu letu kwa mwanafunzi huyo. Yanafuata historia ya kitu kimoja kidogo, nacho ni kiti cha daraja la chini katika ndege kubwa ya abiria, tangu kilipoanza kuuzwa mwaka 1952 hadi kilipozifikia fuo za Mombasa, na hadi leo. Tutaanza na neno lenyewe. Kisha tutaeleza jinsi ndege pana zilivyoshusha bei ya kiti. Baadaye tutashuka Mombasa na Diani, tusikilize na lugha inayosemwa huko. Mwisho tutarudi nyumbani, tuulize kwa nini kiti hicho hakikuja katika pwani yetu wenyewe. Kwa kusema "ndege pana" tunakusudia jeti ambayo ndani yake mna vichochoro viwili vya kupitia abiria badala ya kimoja.

Dai letu ni hili. Aghalabu husemwa kwamba Wazungu walimiminika Pwani kwa sababu ya jua, mchanga mweupe na bahari. Lakini jua, mchanga na bahari vilikuwapo tangu zama. Kilichokuwa kipya ni wingi wa viti vilivyotaka kujazwa. Ufuo wa mapumziko, kama tuujuavyo leo, ni zao la kiti. Na maadamu kiti ni mali ya mtu mwingine, aliye mbali, wenye ufuo wamejikuta wakiishi kwa kitu wasichokimiliki.

2. Neno na safari zake

Kitenzi talii kimetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kusoma kwa makini, kupekua maandiko, kuchungua. Kwa asili yake, basi, mtalii ni msomaji. Ni mtu anayekitazama kitu kwa muda, akarudia kukitazama, hata akakielewa. Kiswahili kilipolichukua neno hilo na kulitumia kwa mtu anayezuru nchi ili aione, kilifanya sitiari nzuri: nchi ni kitabu, mgeni ni msomaji wake. Msafiri huenda popote kwa haja yoyote. Mtalii huenda kusoma.

Pwani ilikuwa na wageni wa namna hiyo kabla neno halijapata maana yake ya leo. Vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi vilishuka kwa upepo wa kaskazi, takribani kati ya Desemba na Machi, vikarudi kwa kusi ulipoanza kuvuma. Nahodha aliyefika Mombasa hakuweza kuondoka alipotaka. Upepo ndio uliompa ruhusa. Akakaa wiki nyingi, na wengine miezi. Katika kukaa huko alijifunza lugha, alikopa na kukopesha, alishtaki na kushtakiwa, na wengine walioa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu litatufaa mbele: muda wa kukaa kwa mgeni hauamuliwi na mgeni wala mwenyeji. Huamuliwa na chombo kilichomleta.

Mwezi wa Mei 1952 chombo kilibadilika. Tarehe 1 Mei mashirika ya ndege yaliyokuwa yakivuka Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini yalianza, kwa makubaliano ya pamoja, kuuza tiketi za bei ya chini zilizoitwa za daraja la watalii. Siku ya pili yake, tarehe 2 Mei, ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kibiashara ya jeti ya abiria duniani, na ilipita juu ya Afrika yetu ya Mashariki. Kwa hiyo unafuu na mwendo vilizaliwa wiki moja, lakini havikuzaliwa nyumba moja. Unafuu ulikuwa wa ndege za rafadha juu ya Atlantiki. Mwendo ulikuwa wa jeti ndogo ya viti 36, ya matajiri na wakubwa wa serikali.

Mwanaisimu ataona jambo la kuchekesha hapa. Katika lugha za Ulaya, neno turiste liliwekwa rasmi kwenye tiketi likiwa na maana ya bei ya chini. Mwaka 1958 daraja la chini zaidi, daraja la kawaida, lilianzishwa juu ya Atlantiki, na mwaka huohuo jeti kubwa zikaanza kuvuka bahari hiyo. Hata hivyo jina la zamani halikufa midomoni mwa watu. Kwa hiyo neno ambalo kwa Kiswahili linatokana na kusoma, katika ndege limekuwa jina la kiti chembamba nyuma ya pazia.

3. Jinsi kiti kilivyoshuka bei

Ndege pana ya kwanza ilikuwa Boeing 747. Mnamo Aprili 1966 kampuni ya Pan Am, iliyoongozwa na Juan Trippe, iliagiza ndege 25 za aina hiyo kwa dola milioni 525, kabla hata moja haijaundwa. Wahandisi chini ya Joe Sutter waliunda mwili wenye upana wa ndani wa meta 6 na ushei. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, na tarehe 22 Januari 1970 ikaanza kubeba abiria kutoka New York hadi London. Zilifuata DC-10 mwaka 1971, TriStar ya kampuni ya Lockheed mwaka 1972, na Airbus A300 mwaka 1974.

Inafaa msomaji aelewe hesabu yake, kwani hesabu hiyo ndiyo kiini cha historia hii. Jeti za awali kama Boeing 707 zilibeba abiria takribani 150. Ile 747 ilibeba zaidi ya 350. Lakini gharama zake hazikuzidi kwa kiasi hichohicho. Rubani ni walewale watatu, kibali cha kutua ni kimoja, na injini mpya zilikuwa na feni kubwa mbele iliyosukuma hewa nyingi kando ya moto badala ya kuipitisha yote motoni, hivyo zikala mafuta kidogo kwa kila kiti. Tuchukue mfano wa kubuni. Kama safari moja inagharimu dola 70,000 na viti ni 350, kila kiti kinagharimu dola 200. Ila hesabu hiyo ni kweli iwapo tu kila kiti kina mtu. Nusu ya viti vikiwa vitupu, kila abiria aliyepo anabeba dola 400, na unafuu wote umeyeyuka. Ndege pana ni chungu kikubwa: hupika kwa bei rahisi, lakini sharti wawepo walaji.

Na walaji hawakuwapo. Ndege hizo ziliagizwa wakati biashara inakua, zikafika wakati uchumi wa Marekani umedorora. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viti vilikuwa vingi mno kuliko abiria, hata kampuni ya American Airlines ikaondoa baadhi ya viti vya nyuma katika 747 zake ikaweka baraza la vinywaji na piano, kwa abiria wa kawaida. Kisha vita vya Oktoba 1973 vikapandisha bei ya mafuta. Pipa lililouzwa kwa takribani dola 3 lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Piano zikatolewa, viti vikarudi. Safu iliyokuwa na viti tisa katika 747 ikawa na kumi. Tangu siku hizo daraja la kawaida limekuwa likipangwa kwa swali moja tu: tutapata wapi watu wa kujaza?

Jibu mojawapo lilitoka kwa makampuni ya ndege za kukodi yaliyohudumia wapumzikaji. Mwaka 1971 Condor ya Ujerumani ilipata Boeing 747 yake ya kwanza. Mwaka 1973 LTU, nayo ya Ujerumani, ilipata TriStar. Nchini Uingereza Freddie Laker alinunua DC-10, na mwaka 1977 akaanzisha safari za London hadi New York kwa paundi 59. Kampuni yake ilianguka Februari 1982, lakini watu walikuwa wamekwisha kuonja bei hiyo. Utaratibu wa makampuni ya mapumziko ulikuwa rahisi. Wakala alinunua viti vyote vya ndege na vitanda vyote vya hoteli miezi mingi kabla, akavifunga pamoja, akaviuza kwa bei moja huko Düsseldorf au Manchester. Mnunuzi hakuuliza tena tiketi ni kiasi gani na chumba ni kiasi gani. Alinunua bahari iliyokwisha kufungashwa.

Wala tusimdharau mnunuzi huyo. Alikuwa fundi wa kiwanda, mwalimu wa shule, karani wa posta. Haki yake ya kupumzika kwa malipo ilikuwa imepiganiwa. Nchini Ufaransa wafanyakazi walipata wiki mbili za likizo yenye malipo mwaka 1936, wiki tatu mwaka 1956, na wiki nne mwaka 1969. Zamani bahari ya tropiki ilikuwa ya gavana na ya mwenye meli. Sasa fundi aliyeweka akiba mwaka mzima aliweza kuiona, kwa sharti la kukaa saa nane au tisa magoti yakigusa kiti cha mbele, kiwiko chake kikigombana na kiwiko cha jirani. Yeye naye alikuwa mmoja wa walaji waliotakiwa na chungu.

4. Mombasa na Diani

Kabla ya jeti, hoteli za ufuoni Mombasa zilikuwa za walowezi wa nyanda za juu za Kenya na maofisa wa serikali ya kikoloni, waliokuja kwa treni na motokaa kukimbia baridi ya bara. Baada ya uhuru wa 1963 wageni wa Ulaya waliongezeka. Mfano mmoja utatosha. Kampuni ya African Safari Airways, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa na kazi moja: kuwaleta kutoka Ulaya wageni wa hoteli za African Safari Club. Ilianza na ndege za rafadha aina ya Britannia, ikaendelea na jeti za DC-8, na katika miaka ya 1990 ikatumia DC-10. Mgeni alipanda ndege ya kampuni, akalala katika hoteli ya kampuni, akarudishwa na ndege ileile.

Serikali ya Kenya nayo ilijiandaa. Mwaka 1975 kilianzishwa Chuo cha Utalii jijini Nairobi, kwa msaada wa Uswisi, ili kufundisha wapishi, wahudumu na mameneja. Uwanja wa ndege wa Mombasa, uliojulikana kama Port Reitz, ulipanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaitwa Moi, ukaweza kupokea ndege pana moja kwa moja kutoka Ulaya. Tangu hapo fundi wa Düsseldorf aliweza kufika Pwani bila kuiona Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utalii ulikuwa umeipita kahawa katika kuiletea Kenya fedha za kigeni.

Hapa ndipo tunapokumbuka nahodha na kaskazi. Ndege ya kukodi haiwezi kumsubiri mgeni. Inashusha watu 300 asubuhi, na kabla ya jua kutua imekwisha kupakia 300 wengine walioletwa wiki mbili kabla. Safari mbili tu katika msimu ndizo zinazokwenda na viti vitupu: kurudi kwa ndege ya kwanza na kuja kwa ile ya mwisho. Kwa sababu hiyo mapumziko yaliuzwa kwa wiki moja, mbili au tatu, si kwa siku kumi au kumi na saba. Upepo ulimpa nahodha miezi. Zamu ya ndege ilimpa fundi siku 14. Kila mmoja aliisoma Pwani kwa kadiri ya muda aliopewa na chombo chake.

Na Pwani yenyewe je? Neno pwani linatokana na kitenzi -pwa, maji kupungua. Pwani ni mahali yanapopwa maji. Na maji yakipwa, watu hushuka kufanya kazi. Wavuvi hukagua madema yao, wanawake huokota kombe na kuchokoa pweza miambani, mafundi hukalafati mashua. Hata leo mtu wa huko akisema anakwenda pwani, huenda ana kikapu mkononi. Huko Diani, katika nchi ya Wadigo, kaskazini mwa ufuo, penye mlango wa mto Mwachema, upo msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe uitwao Msikiti wa Kongo. Tusidanganywe na jina, si wetu. Lakini unatukumbusha kwamba ufuo huo ulikuwa mji, ibada na bandari kabla haujawa picha ya kalenda.

Hoteli zilipojengwa bega kwa bega, mahali pa kazi pakawa mahali pa kulala. Malalamiko makubwa ya wenyeji tangu wakati huo yamekuwa ya ardhi: nani ana hati ya kiwanja cha ufuoni, na njia ya kushukia baharini iko wapi iwapo ukuta umeifunga. Haitakuwa haki kusema kwamba hoteli hazikuleta kitu. Zilileta mishahara, zilinunua samaki na nazi, na watoto wengi wamesomeshwa kwa fedha ya trei na ufagio. Lakini sehemu kubwa ya bei ya kifurushi ililipwa Ulaya na ikabaki Ulaya: kwa wakala, kwa kampuni ya ndege, kwa mwenye kuuza mafuta. Ufuo ulilipwa kilichobaki.

5. Lugha ya siku kumi na nne

Sisi wa taaluma ya lugha tunapaswa kusikiliza kinachosemwa katika ufuo huo. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilitoa wimbo uitwao "Jambo Bwana", uliotungwa kwa Kiswahili ambacho mgeni anaweza kukijifunza kati ya bwawa na baa. Wimbo ulisafiri kuliko kitabu chochote cha sarufi. Mwaka 1994 filamu ya Marekani, "The Lion King", ikaeneza maneno "hakuna matata" duniani kote. Hivyo mamilioni ya watu wanajua Kiswahili cha maneno matano, na wanakijua kwa furaha.

Wataalamu wa Pwani hulalamika kwamba salamu kamili ni "hujambo", yenye kikanushi chake cha nafsi ya pili, na kwamba anayesema "jambo" peke yake anamwambia mwenzake "kitu!" Sisi wa Lubumbashi tusicheke upesi. Kwetu "jambo" ni salamu halali, na jibu lake, "jambo sana", husikika kila asubuhi sokoni. Na "matata" kwetu ni neno zito. Mwenye matata ana ugomvi au taabu nyumbani, hatumwimbii. Kwa hiyo kosa si umbo la neno. Tofauti ni kazi yake. Kwetu "jambo" hufungua mazungumzo: baada yake huja habari za watoto, za kazi, za mgonjwa. Ufuoni hufunga mazungumzo: baada yake huja kinyago na bei.

Lakini upande wa pili wa mazungumzo hayo una habari nyingine. Vijana wauzao vinyago, kanga na safari za mashua Diani hujua Kijerumani. Wa Malindi hujua Kiitalia. Wengi hawakukaa katika darasa la lugha hizo hata siku moja. Walijifunza kwa kusikiliza, kwa kukosea na kujaribu tena, kwa kumchungua mgeni: viatu vyake, saa yake, rangi ya ngozi yake inayowaambia amefika jana au ataondoka kesho. Ikiwa talii ni kusoma kwa makini, basi ufuoni hapo mtalii ni nani? Anayelala kwenye kiti cha ufuoni amefumba macho, au aliyesimama kando yake akimsoma?

6. DC-10 zetu na ufuo wa Muanda

Tugeuke sasa tutazame nyumbani. Msomaji asidhani kwamba ndege pana zilitupita. Kuanzia mwaka 1973 Air Zaïre ilikuwa na DC-10 zake, zenye rangi za taifa, zikiruka kutoka Kinshasa hadi Brussels na miji mingine ya Ulaya. Kwa umbo hazikutofautiana na zile zilizotua Mombasa. Kampuni hiyo ilifikia kikomo mwaka 1995.

Wala pwani hatukukosa. Nchi yetu ina kipande cha Bahari ya Atlantiki chenye urefu wa kilometa 40 hivi, na Muanda ina mchanga, ina mawimbi, ina jua. Hata hivyo makampuni ya mapumziko hayakuelekeza ndege pana huko. Ni ushahidi mzuri wa dai letu. Kama mchanga na bahari vingetosha, Muanda ingekuwa na hoteli kama Diani. Kilichohitajika ni njia ndefu ya kurukia, barabara, vitanda kwa mamia, amani ya kuaminika, na wakala wa Ulaya mwenye viti vya kujaza. Visiwa vya Shelisheli vinathibitisha jambo hilo kwa upande mwingine. Fuo zake zinasifiwa kote, lakini kabla ya uwanja wa ndege wa Mahé kufunguliwa mwaka 1971, mgeni alifika kwa meli, na wageni walikuwa wachache mno.

DC-10 zetu zilibeba nini basi katika daraja la kawaida? Zilibeba mwanafunzi mwenye basari na koti alilokopeshwa, mgonjwa aliyetafuta daktari, mama mfanyabiashara aliyerudi na mabegi yaliyozidi uzito, mtumishi wa serikali mwenye hati ya safari ya kikazi. Wafanyakazi wa migodi hapa Katanga wana neno la mapumziko ya mwaka, lililotoka katika congé ya Kifaransa. Wakati wa ukoloni, congé ya bosi Mzungu ilikuwa ya kuvuka bahari. Ya mfanyakazi Mwafrika ilikuwa ya kurudi kijijini kuona wazazi, kuzika, kuoa, kulima. Mpaka leo kwa wengi wetu kupumzika ni kwenda kwa watu, si kwenda mahali. Kiti kilekile, safu ileile ya kati, kikabeba historia mbili: mmoja amekaa humo ili aisahau kazi, mwingine ili aitafute.

7. Ndege huhama, ufuo hauhami

Kipindi cha mwisho cha historia hii kinaonyesha hatari ya kuishi kwa kiti cha mwingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi na kivuko cha Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa. Ghasia zilizofuata ziliwalenga hasa Wakenya waliotoka bara. Wengi waliuawa, maelfu wakakimbia nyumba zao. Watalii hawakuwa walengwa, lakini mawakala walifuta safari. Hoteli zilifunga milango, wahudumu wakarudishwa makwao.

Tarehe 28 Novemba 2002 gari lenye bomu liliingia katika hoteli ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, iliyokuwa ikipokea wageni waliowasili asubuhi hiyo kutoka Israel. Waisraeli watatu na Wakenya kumi waliuawa, miongoni mwao wacheza ngoma waliokuwa wamepangwa mlangoni kuwakaribisha wageni. Tunaomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Waliokufa wengi hawakuwa wale waliosafiri. Ni wale waliosimama kwa salamu. Mwaka uliofuata Uingereza ilizuia ndege zake zisiende Kenya kwa wiki kadhaa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria mwezi Machi, ikazifungua tena tarehe 1 Agosti. Safari hii dunia nzima ilisimama. Bahari ya Diani iliendelea kupwa na kujaa kama kawaida yake, lakini viti havikuwapo.

Katika kila tukio la awali, ndege haikupata hasara kama ya ufuo. Ndege ina magurudumu na mabawa. Mombasa ikitisha, rubani hupewa ramani nyingine, na wiki ijayo watu walewale 300 wanashuka Thailand, Maldivi au Jamhuri ya Dominika. Kwa wakala fuo hizo ni kurasa za kitabu kimoja cha matangazo. Kwa mhudumu wa Diani hakuna ukurasa wa pili. Kweli, makampuni ya ndege nayo hufa: jina la LTU limetoweka, na 747 ya mwisho ilikabidhiwa mnunuzi Januari 2023, nayo ni ya mizigo. Ndege pana za leo, kama Boeing 787 na Airbus A330, zina injini mbili na hula mafuta kidogo zaidi. Lakini swali la 1970 halijabadilika. Viti vimesogezwa karibu zaidi: ile 787 iliyofikiriwa kuwa na viti vinane katika safu, kampuni nyingi zimeweka tisa.

8. Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Mtalii, kwa asili ya neno, ni msomaji. Kwa historia ya usafiri, jina la turiste liliandikwa kwenye tiketi mwaka 1952, likapata umbo lake la leo baada ya 1970, ndege pana zilipoleta viti vingi kuliko abiria. Ufuo wa Mombasa haukumwita. Viti vilimtafuta, vikampata kiwandani, vikamleta kwa siku 14.

Tumejaribu kuonyesha pia kwamba historia hii si ya Ulaya peke yake wala si ya Kenya peke yake. Mara kwa mara husikika katika nchi yetu mipango ya kuifungua Muanda, Ziwa Tanganyika au mbuga zetu kwa watalii. Mipango hiyo ni halali. Lakini kabla ya kuhesabu vitanda, tuulize viti ni vya nani, muda wa kukaa utaamuliwa na nani, njia ya kushukia majini itabaki wazi kwa nani, na siku ndege zitakapohama, aliyebaki atakula nini. Maswali hayo Pwani imekwisha kuyalipia. Sisi tunaweza kuyasoma bure.

Na kwa wanafunzi wa isimu tunaacha kazi moja. Kiswahili cha wageni kimechekwa vya kutosha. Kijerumani cha Diani na Kiitalia cha Malindi, vilivyojifunzwa bila kitabu wala mwalimu na watu waliosimama juani, vinastahili kuchunguzwa kwa umakini uleule ambao wenyewe waliutumia kuwachungua wageni wao. Huo nao utakuwa utalii, kwa maana ya kwanza ya neno.